Kumtunza mzazi mzee nyumbani: mambo ya kupangwa mapema

Familia nyingi za Taita Taveta huanza kuzungumzia matunzo ya mzazi aliyezeeka siku ambayo tayari ameanguka. Simu hupigwa Mombasa na Nairobi, watoto hukutana katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi, na kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka wadini, swali zito huamuliwa kwa dakika chache pale koridoni: sasa mama ataishi na nani?

Baadhi ya watoto huuliza kama kuna makao ya wazee yanayoweza kumpokea. Makao hayo ni machache nchini. Jijini Nairobi kuna Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayoendeshwa na masista wa Little Sisters of the Poor, na Mji wa Huruma ulioko Runda. Kaunti jirani ya Kilifi ina kituo cha Kaya Godoma huko Ganze, ambacho huwahifadhi wazee waliokimbia vitisho vya kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Zanzibar nako serikali ina makao ya Sebleni na Welezo. Kwa sehemu kubwa, milango ya makao ya aina hii ilifunguliwa kwa ajili ya wazee wasio na jamaa au waliotelekezwa. Mzee mwenye watoto wanne walio hai, shamba Werugha na nyumba ya mabati hakufikiriwa yalipoanzishwa.

Hivyo kwa mkaazi wa kawaida wa kaunti hii, mzazi atatunzwa nyumbani. Linalobaki kuamuliwa ni kama matunzo hayo yatapangwa au yataachwa yajiendee yenyewe. Yasipopangwa huumiza watu watatu kwa mpigo: mzee mwenyewe, binti au mkaza mwana anayemhudumia peke yake, na mara nyingi mjukuu anayetolewa shuleni ili akakae na nyanya mlimani.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kuhakikisha kwamba wazee, yaani watu waliopita umri wa miaka 60, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo na usaidizi wa kiasi kutoka kwa familia zao na kutoka kwa serikali. Katiba imewataja wote wawili, familia na serikali. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya wa umri huo kuwa takriban milioni 2.7.

Zamu za matunzo

Tuseme mama ana umri wa miaka 78, anaishi Werugha, na ana watoto wanne. Mmoja yuko Nairobi, mwingine Mombasa, wa tatu anafanya biashara mjini Voi, na wa nne, binti, ameolewa kijiji cha pili. Katika familia nyingi jambo hili huamuliwa bila kikao: binti wa karibu atafanya kila kitu, na wengine watatuma pesa kwa M-Pesa wakipata. Mwanzoni mpango huo hufanya kazi, kwa sababu mama bado anatembea, anapika chai na kuchuma mboga. Mambo hubadilika anapohitaji mtu wa kumwogesha, kumpeleka chooni usiku na kumgeuza kitandani. Pesa ya simu haiwezi kumgeuza mgonjwa.

Familia zinazofaulu huanza kwa kuandika kwenye karatasi kazi zote za wiki: kuoga, chakula mara tatu, dawa, kufua, kuteka maji, kwenda kliniki, kulala naye usiku. Kila kazi huandikiwa jina la mtu. Hapo ndipo huonekana wazi kwamba binti wa Werugha amebeba kazi za watu watano. Aliyeko Mombasa anaweza kuchukua juma moja zima la likizo yake kila mwaka ili binti apumzike, na wa Voi akawa ndiye wa kliniki na dawa. Wa Nairobi, ambaye pengine ndiye mwenye mshahara, anaweza kugharamia msaidizi wa siku tatu kwa wiki. Zamu ya usiku isisahauliwe, kwani mtunzaji asiyelala ndiye huanza kumfokea mgonjwa.

Mzee naye aulizwe. Ni jambo la ajabu jinsi vikao vingi vya familia hufanyika sebuleni huku mwenye nyumba akiwa chumbani, anasikia kila neno na hakuna aliyemwita. Mzee anayejua ni nani atakuja kesho na nani atalala naye Jumamosi huwa na utulivu zaidi.

Kuna pia mazoea ya kumhamisha mzazi akaishi na mtoto mjini. Wakati mwingine ndiyo njia bora, hasa akiwa na ugonjwa unaohitaji hospitali kubwa kila wiki. Lakini mama aliyezoea baridi ya Wundanyi na majirani wanaozungumza Kidawida, akipelekwa kwenye ghorofa ya tatu Mombasa, hujikuta amefungiwa. Ngazi hawezi, jirani hamjui, shamba hana, na mchana kutwa wenye nyumba wako kazini. Mzee ambaye tayari ameanza kusahau huweza kuchanganyikiwa zaidi katika nyumba ngeni. Familia hushauriwa kujaribu kwa mwezi mmoja kwanza, bila kuuza ng'ombe wala kufunga nyumba ya kijijini.

Kuhusu mjukuu, sheria iko wazi. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, masomo ni ya lazima, na mzazi ana wajibu wa kuhakikisha mtoto anahudhuria shule. Mtoto anaweza kumletea nyanya maji na kumsomea habari jioni. Kumfanya awe ndiye mtunzaji, anayeamka usiku na kubaki nyumbani mama akiwa sokoni, ni kosa dhidi yake, hata kama familia haikukusudia ubaya.

Nyumba yenyewe

Kuanguka ni mojawapo ya sababu kubwa za wazee kuvunjika nyonga, na mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi hapati tena uwezo wake wote wa kutembea. Nyumba za kaunti hii zina hatari zake. Sakafu ya saruji nyekundu iliyopakwa nta inapendeza Krismasi, lakini huteleza kama sabuni. Huko juu milimani, njia ya kwenda chooni hupita kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha huwashinda hata vijana. Katika maeneo ya Sagalla na vijiji vingine vinavyopakana na Tsavo, kutoka nje usiku kwenda choo cha shimo kuna hatari ya kukutana na ndovu.

Marekebisho mengi hayahitaji pesa nyingi. Fundi wa mtaani anaweza kuweka mti wa kushikilia kutoka mlangoni hadi chooni, na mwingine ndani ya choo. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati huwekwa juu ya tundu la choo ili mzee asichuchumae. Usiku, ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda humwepusha na safari ya gizani. Taa ndogo ya sola iwe mahali anapoweza kuifikia bila kusimama. Zulia dogo lililokunjika pembe, waya uliopita sakafuni na ndala zilizokwisha huangusha wazee wengi, na kuviondoa hakugharimu chochote. Kitanda kisiwe juu mno. Akikaa ukingoni, nyayo zake ziguse sakafu.

Joto la Voi, Maungu na Taveta ni jambo jingine. Mwili wa mzee hausikii kiu kama wa kijana, na wazee wengi hupunguza kunywa maji makusudi ili wasisumbue watu kwa kwenda haja. Matokeo yake ni kizunguzungu, kufunga choo, maambukizi ya njia ya mkojo, na wakati mwingine kuanguka. Maji, uji mwepesi au chai kidogo kidogo mchana kutwa hufaa zaidi kuliko jagi zima la maji jioni.

Afya: nani huja nyumbani

Huduma za afya ya msingi, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti. Ngazi iliyo karibu kabisa na mzee ni mhudumu wa afya ya jamii, ambaye wengi wanamjua kama CHP. Kote nchini wako takriban 100,000, na Septemba 2023 walianza kupewa mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto na mizani. Kila mmoja husimamia takriban nyumba 100. Kwa mzee asiyeweza kufika zahanati, huyu ndiye wa kumwona kwanza. Anaweza kupima presha na sukari nyumbani, kuandika matokeo, na kutoa rufaa ya kwenda kituoni. Hatoi sindano wala habadilishi dawa, na familia zisimlaumu kwa hilo. Asiyemjua CHP wake aulize katika zahanati iliyo karibu au kwa mzee wa mtaa.

Mgonjwa anapokaribia kuruhusiwa kutoka hospitalini, kuna saa moja muhimu ambayo familia nyingi huipoteza kwa kufuatilia bili pekee. Atakayemtunza nyumbani aje wadini siku hiyo, naye awe ni yule hasa atakayefanya kazi, hata kama mwingine ndiye mwenye gari. Amwombe muuguzi amwonyeshe jinsi ya kumgeuza mgonjwa, kumwinua bila kuumia mgongo, kusafisha kidonda, na kumlisha. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, kwani vidonda vya kulala huanza kama wekundu mdogo tu kwenye makalio, kisigino au nyonga. Kwenye ngozi nyeusi, mahali hapo huonekana peusi zaidi au huwa na joto. Mtu aliyepata kiharusi alishwe akiwa ameketi wima. Akikohoa kila anapokunywa, aonwe na daktari, kwa sababu huenda chakula kinapitia njia ya hewa.

Dawa zote ziwekwe mahali pamoja, pamoja na karatasi inayoonyesha jina la kila dawa na saa yake. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu presha imeshuka. Imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Mzee anayetumia pia dawa za miti amweleze daktari bila kuficha. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, hiyo ni dalili ya kiharusi, na safari ya hospitali haingoji asubuhi.

Kwa upande wa malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024. Kuna jambo ambalo hushtua familia nyingi wanapofika dirisha la malipo: mzazi hahesabiwi kama mtegemezi kwenye bima ya mwanawe. Anayehesabiwa ni mke au mume na watoto. Mzazi husajiliwa kivyake, kwa kitambulisho chake, na mchango wake hupimwa kulingana na uwezo wa kaya yake. Kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato, na hakishuki chini ya Sh300 kwa mwezi. Akiwa amesajiliwa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma ni bila malipo, hata kama mchango haujalipwa. Kulazwa hospitalini kunahitaji mchango uwe umelipwa. Usajili unaweza kufanywa kwa kubonyeza *147#, au kwa msaada wa wahudumu kituoni.

Kusahau si uchawi

Mzee anayeuliza swali moja mara kumi, anayepotea njia ya shamba alilolima miaka 40, anayetoka usiku wa manane akidai anaenda kwa mama yake aliyekufa zamani, huenda ana dimenshia. Ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 ulimwenguni wanaishi nao. Hapa Pwani, ugonjwa huu umegharimu maisha, kwa sababu mzee anayezurura usiku na kuongea peke yake hufikiriwa kuwa mchawi. Wazee waliofika Kaya Godoma wanalijua hilo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Dimenshia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa timamu Jumatatu na kuchanganyikiwa kabisa Jumatano ana tatizo jingine, ambalo mara nyingi linatibika: maambukizi ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au dawa mpya. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wapo pia wazee wanaodhaniwa wamepoteza akili, kumbe wana mtoto wa jicho au masikio yaliyoziba.

Kubishana na mwenye dimenshia hakusaidii. Ratiba ileile kila siku, nyuso zilezile, na kazi ndogo za mikono kama kuchambua maharagwe humtuliza. Majirani waelezwe waziwazi kwamba anaumwa, ili wakimwona barabarani wamrudishe.

Msaidizi wa kuajiriwa

Familia zenye uwezo huajiri mtu wa kukaa na mzee. Kuna tofauti ambayo haina budi kueleweka. Muuguzi ni mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na anayejiita muuguzi anaweza kuombwa leseni yake. Msaidizi wa nyumbani huogesha, hulisha na kukaa na mzee. Asitarajiwe kuweka mpira wa mkojo wala kudunga insulini bila kufundishwa.

Msaidizi ni mfanyakazi kama wengine mbele ya Sheria ya Ajira ya 2007. Akiajiriwa kwa miezi mitatu au zaidi, anastahili mkataba wa maandishi. Ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Kiwango cha chini cha mshahara hutangazwa na serikali ya kitaifa na hutofautiana kulingana na eneo; ofisi ya leba hutoa kiwango cha sasa. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kazi ikikoma, hata kama imekoma kwa sababu mzee amefariki.

Malalamiko ya kawaida ni kwamba wasaidizi hawakai. Wengi huondoka kwa sababu waliajiriwa kumtunza nyanya, kisha wakaongezewa ng'ombe, shamba, watoto wawili na nguo za nyumba nzima. Mkataba ukitaja kazi zenyewe na siku ya mapumziko, na ndugu mmoja akawa ndiye anayempa maagizo, msaidizi hukaa. Ndugu wanne wakimpigia simu kila mmoja na agizo lake, hata mwezi hamalizi.

Pesa na mali ya mzee

Mpango wa Inua Jamii, ambao ni wa serikali ya kitaifa, huwapa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakifiki Sh70 kwa siku. Ni msaada wa sabuni, sukari na nauli ya kliniki, na familia isihesabu kwamba kitagharamia matunzo yote. Mzee asiyeweza kwenda kuchukua pesa mwenyewe huweza kuteua mtu wa kumwakilisha. Usajili hupitia kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo wakati unapofunguliwa, na hautozwi ada. Nambari ya siri ya mzee si ya kugawiwa kijijini.

Ndugu wanaweza kufungua akiba ya pamoja ya matunzo na kukubaliana kiasi cha kila mwezi, hata kidogo. Familia nyingi huchangisha maelfu kwa siku tatu mzee anapofariki, ilhali mwaka mzima kabla ya hapo ilikuwa vigumu kupata pesa za nepi za watu wazima. Anayetumia pesa hizo aandike kila matumizi kwenye daftari, kwani ugomvi mwingi kati ya ndugu huanzia hapo.

Shamba ndilo jambo nyeti zaidi. Mtoto anayemtunza mzazi huweza kuona kwamba amestahili zaidi, na aliye mbali huweza kushuku kwamba hati imeshabadilishwa. Mzee mwenye akili timamu ana haki ya kuandika wosia au kumpa mtu mamlaka ya kisheria ya kushughulikia mambo yake, na afanye hivyo mapema, mbele ya wakili. Karatasi iliyowekwa kidole gumba na mgonjwa asiyejitambua haimlindi mtu yeyote mahakamani.

Dhuluma nyingi dhidi ya wazee hufanywa na watu wa nyumbani: kumfungia ndani mchana kutwa, kumnyima chakula ili asiharibu shuka, kumpiga, au kula pesa zake za Inua Jamii. Sheria ya Kukinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inawahusu wazazi pia, na inataja dhuluma ya kiuchumi. Jirani anayeona hayo anaweza kumweleza chifu, CHP, afisa wa maendeleo ya jamii au dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Nambari 1195 hupigwa bila malipo. Mara nyingine anayepatikana na lawama ni yule binti aliyeachiwa kazi peke yake kwa miaka sita. Hilo halihalalishi dhuluma, lakini linaonyesha mahali ambapo ndugu zake walipaswa kuwa.

Karibu kila huduma iliyotajwa hapa huanza na kitambulisho cha kitaifa. Wazee wengi wamepoteza vyao, wengine vimefutika, na wapo ambao mwaka wa kuzaliwa uliandikwa kwa kukisia, ikawa mzee wa miaka 75 anasomeka 66. Alama za vidole vilivyoshika jembe maisha yote nazo huwa zimefifia, na mashine huweza kuzikataa. Marekebisho hufanyika katika ofisi za usajili wa watu na huchukua muda, kwa hivyo yaanze wakati mzee bado anaweza kupanda matatu na kushuka mwenyewe.